Ghorofa ya Tatu Haipo Kwenye Mchoro

Siku kipande cha zege kilipochomoka kwenye balkoni ya nyuma, Mwalimu Martina alikuwa jikoni anachambua mchele. Alisikia kishindo, kisha maji yakimwagika. Alipochungulia chini aliona pipa la maji limepasuka katikati, ua mzima umelowa, na Eliana, mke wa Stanley, amesimama kando na ndoo tupu mkononi bila kutikisika. Zege lenyewe lilikuwa kubwa kuliko tofali. Lilikuwa limelala hatua moja tu kutoka miguuni kwake.

"Umeumia?" Martina alipaza sauti.

Eliana alitikisa kichwa kwamba hapana. Kisha ndoo ikamtoka mkononi, akakaa chini palepale kwenye tope.

Jengo hilo la mjini Singida, hatua chache kutoka sokoni, lilijengwa miaka ya tisini na mzee Manji, muuza vitambaa. Chini aliweka maduka, juu fleti za kupangisha. Alipofariki, wanawe waliziuza fleti moja moja, na walionunua wakaunda chama cha wamiliki kama sheria inavyotaka, wakachagua kamati. Mwenyekiti alikuwa Martina, mwalimu mkuu mstaafu aliyefundisha Nduguti miaka thelathini na minne, akahamia mjini alipofiwa na mumewe. Mweka hazina alikuwa Jayshree, mkwe wa mzee Manji, naye mjane, mwenye duka la vitambaa pale chini na fleti ghorofa ya kwanza. Katibu alikuwa amehamishiwa kikazi Dodoma na nafasi yake haikujazwa. Kwa hiyo kamati ilikuwa wanawake wawili na birika la chai, kila Jumapili mchana, nyuma ya duka la Jayshree.

Jioni hiyo hawakusubiri Jumapili. Walikubaliana balkoni zote za nyuma zibomolewe na kujengwa upya.

"Hatuhitaji kibali?" Jayshree aliuliza.

"Kibali cha nini? Hatujengi, tunakarabati." Martina alilisema hilo kama mtu anayefunga daftari, na Jayshree akaliacha.

Fundi alianza Jumatatu. Alhamisi saa nne asubuhi likaja gari la ofisi ya vibali, akashuka mwanamke mwembamba mwenye kofia ya plastiki, jina lake Evodia, na kopo la rangi nyekundu mkononi. Alizunguka nyuma, akatazama nondo zilizoachwa wazi, akapiga picha tatu. Kisha, bila haraka, akaandika ukutani kwa herufi za urefu wa mkono: SIMAMISHA UJENZI.

"Dada, huu si ujenzi," Martina alisema. "Ni ukarabati."

"Mama, mkibomoa kitu kinachobebwa na nguzo, huo ni ujenzi. Kibali kiko wapi?"

"Nani aliyewaambia mje?"

"Tumepokea barua."

Martina hakuhitaji kuambiwa ya nani. Aliinua macho. Juu kabisa, ghorofa ya tatu, Stanley alikuwa ameegemea ukuta wa paa anakula karanga.

Ugomvi wao ulikuwa wa kuku. Stanley, mfanyabiashara wa vitunguu kutoka Kiomboi, alikuwa akimiliki ghorofa nzima ya tatu, na kwa kuwa paa lilikuwa juu yake tu, alilifanya shamba. Kuku sitini. Manyoya yaliingia kwenye tangi la maji, na jogoo waliwaamsha watu kabla ya adhana. Martina aliitisha mkutano, wamiliki wakapiga kura, akamwandikia Stanley barua ya siku kumi na nne yenye vifungu vya kanuni. Stanley aliwapakia kuku wake kwenye matenga na kuwapeleka kwa mama yake Kiomboi. Tangu siku hiyo, wakikutana kwenye ngazi, alimsalimu "Shikamoo, mwalimu" kwa sauti kubwa kupita kiasi, na Martina alilazimika kuitikia "Marahaba," maana adabu ni adabu.

Alimkuta kwenye ngazi mchana uleule.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Ni wewe uliyetushtaki?"

"Ndiyo, ni mimi," Stanley alisema. "Kwani sheria ni ya kuku tu?"

"Mke wako nusura afe pale uani, halafu wewe unazuia matengenezo?"

"Ndiyo maana nimezuia. Umeokota fundi mtaani, hana mhandisi, hana mchoro, anagonga nyundo chini ya chumba ninacholala. Usiniambie habari za mke wangu." Alimpita akishuka, bega lake likikwaruza ukuta ili lisimguse.

Martina alibaki ameshikilia chuma cha ngazi. Lililomuuma zaidi ni kwamba maneno yale yangetoka kwa mtu mwingine yeyote, angeyakubali.

Kesho yake alikwenda ofisi ya vibali na kalamu tatu kwenye mkoba. Alikaa kwenye benchi kutoka saa mbili hadi saa sita. Alipofika mezani kwa Evodia, hakupewa maneno mengi: mchoro wa awali wa jengo wenye muhuri wa kuidhinishwa, ripoti ya mhandisi aliyesajiliwa, na muhtasari wa kikao wenye sahihi za wamiliki wote.

"Wote?"

"Kuta za nje na nguzo ni za wote, mama. Mmoja asipokuwemo, faili halisogei."

Wamiliki walikuwa tisa. Kwa siku nne Martina alipanda na kushuka ngazi na ule muhtasari, akapata sahihi nane. Ya tisa aliifuata mwenyewe ghorofa ya tatu. Eliana alimfungulia, akamkaribisha kwa macho ya aibu. Stanley alikuwa anafungua redio kwa bisibisi na hakunyanyuka.

"Nitasaini," alisema, "siku utakayoacha uenyekiti."

"Nilichaguliwa."

"Basi kaa na uenyekiti wako na balkoni zako."

Martina alikunja muhtasari wake, akashuka.

Mhandisi alimpata kwa bahati. Peniel alikuwa mwanafunzi wake wa darasa la tano, mtoto mkimya aliyekuwa akichora nyumba kwenye majalada ya madaftari. Sasa alikuwa na leseni na pikipiki. Alipoitwa alikuja siku ileile, akamwamkia mwalimu wake kwa mikono miwili, na wote wakakusanyika dukani kwa Jayshree kuufungua mchoro.

Jayshree alikuwa ameutafuta wiki nzima. Aliupata chini ya sanduku la bati, umeviringwa ndani ya kitambaa cha harusi yake. Waliutandaza juu ya meza ya kukatia vitambaa, wakaukandamiza pembeni kwa mkasi na mita. Muhuri ulikuwepo, wa zambarau, na sahihi ya mzee Manji ilikuwepo. Peniel aliinama muda mrefu. Aliweka kidole mahali pamoja, akakipandisha, akakirudisha chini, akakipandisha tena.

"Mwalimu," alisema, "hapa kuna chini, ghorofa ya kwanza na ya pili. Basi."

"Na ya tatu?"

"Ya tatu haipo kwenye mchoro. Iliongezwa baadaye. Kama kuna kibali chake kiko pengine, lakini hapa hakipo."

Jayshree alikaa kwenye kiti cha wateja. Alikuwa mwanamke wa maneno ya haraka, lakini sasa aliyatoa moja moja. "Stanley ana miaka sita anaulizia hati yake. Nyote mna hati, yeye ana mkataba wa mauzo tu. Mume wangu alimwambia iko njiani. Mume wangu alipofariki, mimi nikaendelea kumwambia iko njiani. Nilidhani kweli iko njiani."

Mteja aliingia kuulizia kitambaa cha sare za shule, Jayshree akamwambia arudi kesho.

Peniel ndiye aliyetoa njia. Alisema mchoro usipelekwe kwanza. Yeye apime jengo zima, achunguze nguzo na msingi, aandike ripoti ya uimara. Pale penye udhaifu waweke miti ya kuegemeza. Kisha kamati iende na mambo yote mawili kwa pamoja, kosa na dawa yake, na kuomba kurasimishiwa jengo. Ingechukua miezi miwili hivi. "Tukipeleka mchoro peke yake," alisema, "ofisi haitakuwa na la kufanya ila kutoa watu. Na hawatakuwa wamekosea."

"Na Stanley?" Martina aliuliza.

"Mimi nitamwambia," Jayshree alisema. "Familia yangu ndiyo iliyomuuzia. Nipeni muda nizungumze na shemeji zangu Dar es Salaam, nisiende kwake mikono mitupu. Dada Martina, nakuomba. Neno hili lisitoke hapa."

"Halitatoka," Martina alisema. Aliukunja mchoro, akauchukua akautolee nakala kwa ajili ya Peniel.

Alimaanisha. Jambo hilo alilirudia moyoni mara nyingi baadaye, kwamba siku ile alimaanisha. Lakini alipopanda kwake na kuuweka mchoro juu ya kabati, alisimama akiutazama kwa muda, na kitu kama raha kilimpitia kifuani alipofikiria mtu mmoja anayekula karanga juu ya paa ambalo kwa karatasi halipo.

Jumapili iliyofuata wamiliki walikutana uani baada ya ibada, viti vya plastiki vimepangwa mbali na balkoni. Martina alieleza kuhusu kibali, mhandisi, na sahihi moja iliyobaki. Hakumtaja mtu. Hakukuwa na haja, vichwa vyote viligeuka.

Stanley alisimama. Alikuwa amevaa suti ya kanisani na tai, na alianza kwa utulivu kabisa.

"Wenzangu, mimi sikatai kutengeneza. Nakataa kufanywa mwanafunzi. Barua kila wiki. Usianike hapa, usiegeshe pale, kifungu cha nne, kifungu cha saba. Tunaongozwa kama tuko mstarini asubuhi." Wachache walicheka, naye akapata nguvu kutokana na kicheko hicho. "Lakini tumsamehe. Mwalimu amezoea kuchapa watoto wa watu, kwa sababu hakujaaliwa wa kwake."

Kicheko kilikatika. Eliana alimvuta mumewe koti. Stanley mwenyewe alionekana kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo, lakini hakulifuta neno lake. Alikaa.

Martina alikuwa amejaaliwa. Mtoto wa kiume, aliyeishi siku tatu, aliyezikwa Nduguti kabla hajapewa jina. Katika jengo lile alikuwa amemwambia mtu mmoja tu, nyuma ya duka, juu ya birika la chai. Aligeuka kumtazama Jayshree. Alingoja aseme kitu, chochote, hata "Acha hayo, Stanley." Jayshree alikuwa ameinamisha kichwa anachezea bangili zake. Alikuwa anamwogopa Stanley kwa sababu ya ile siri ya hati, na Martina alilijua hilo, na kulijua hakukumsaidia chochote.

"Kikao kimefungwa," alisema, akapanda kwake.

Jumatatu saa mbili kasoro alikuwa wa kwanza kwenye benchi la ofisi ya vibali. Evodia aliutandaza mchoro mezani, akahesabu kama Peniel alivyohesabu, kidole kikipanda na kushuka.

"Mama, unajua unachoniletea?"

"Najua."

"Mhandisi wenu ameshapima?"

"Bado."

Evodia aliusogeza mchoro kuurudisha upande wa Martina. "Ungesubiri apime, ungekuwa na kitu cha kujitetea."

"Nimeulizwa mchoro, nimeleta mchoro. Pokea."

Evodia akaupokea. Aligonga muhuri wa kupokelewa, na mlio wa ule muhuri Martina aliupenda, kwa saa chache.

Alichokuwa akikiona kichwani mwake ni Stanley anashusha makochi yake kwenye ngazi. Hakuona zaidi ya hapo. Alhamisi waliposhuka watu wanne kutoka kwenye gari la ofisi, wakazunguka jengo na kuingia kila duka, hata hapo hakuona. Aliona Ijumaa, notisi ilipobandikwa kwenye lango kuu. Ilisema jengo lilipewa kibali cha ghorofa mbili na linabeba tatu, na uimara wake haujulikani. Ilisema wakazi wote na wenye maduka wote waondoke ndani ya siku saba hadi uchunguzi ukamilike. Wote. Martina aliisoma mara tatu kama alivyokuwa akisoma matokeo ya mitihani, akitafuta jina moja, akayakuta yote.

Stanley alimfuata mlangoni. Safari hii hapakuwa na shikamoo.

"Ni wewe?"

"Ofisi ilidai mchoro."

"Nilinunua nyumba. Nimeuza vitunguu miaka ishirini, nimelala juu ya magunia kwenye malori, nikanunua nyumba. Wewe uliujua mchoro huo tangu lini?"

"Wiki iliyopita."

"Na ukakaa kimya hadi nilipokukera." Aliweka mkono kwenye fremu ya mlango. "Mimi nimekutukana, sawa. Mdomo wangu mbaya, najua, hata mke wangu hajasema nami tangu Jumapili. Lakini mimi nilitukana tu."

"Uliuliza kama sheria ni ya kuku tu," Martina alisema. "Nimekujibu."

Alifunga mlango. Alikuwa amelitayarisha jibu hilo siku nne, na lilitoka vizuri kama alivyotaka. Akakaa sebuleni akisikiliza nyayo zikipanda taratibu kwenda juu.

Jayshree hakuja. Martina ndiye aliyeshuka. Dukani majora ya vitambaa yalikuwa yanateremshwa kutoka kwenye rafu na kufungwa kwenye turubai, kazi ya miaka thelathini. Jayshree alikuwa juu ya ngazi fupi, na alizungumza bila kugeuka.

"Ulisema halitatoka."

"Ulimsikia alichosema. Ulikuwepo. Ulikaa kimya."

"Nilikaa kimya." Jayshree aliteremsha jora moja, akalilaza sakafuni kama mtoto. "Hilo ni kosa langu, ningekuomba radhi kwa hilo hadi nife. Sasa siombi tena. Toka, nina kazi."

Martina alihamia Mgori kwa kaka yake, Philipo, mkulima wa alizeti. Walimpa chumba cha mwisho, kilichokuwa na magunia. Mke wa Philipo alimwuliza mara moja tu atakaa hadi lini, na baada ya hapo alimwuliza kwa namna alivyoweka sahani. Masika yalikuwa yameanza. Martina aliamka mapema, akapalilia na wengine, akala kimya, na watu wa nyumba waliposimuliana kwa Kinyaturu mambo ya shamba, alijibu akiulizwa. Simu yake haikulia. Kundi la wamiliki kwenye simu lilikuwa limekufa. Baadaye aligundua kuwa lilikuwa limefunguliwa jipya bila yeye.

Aliyempigia ni Peniel, mwezi wa tano.

"Shikamoo, mwalimu. Tumemaliza kuchunguza."

"Marahaba. Sema."

"Msingi uko juu ya mwamba, hauna shida. Nguzo ndiyo shida. Kuna moja nyuma ya rafu za mama Jayshree, imepasuka kutoka juu hadi chini. Nimeingiza vidole viwili. Nondo zake ni za ghorofa mbili, zimebeba tatu miaka ishirini na tano. Zile balkoni zilikuwa zinatoa taarifa tu."

Martina alikaa kwenye kizingiti. "Kwa hiyo lingeanguka."

"Lingeweza. Masika haya, au mawili yajayo. Hakuna ajuaye."

"Kwa hiyo nilifanya vizuri kupeleka."

Peniel alikuwa mtoto mkweli hata darasani, na Martina ndiye aliyemfunza kutotoa jibu kwa kumfurahisha mwalimu.

"Mwalimu, ile nguzo ningeiona wiki ya kwanza ya kupima. Ndipo pa kuanzia. Tungeweka miti siku ileile, tukahamisha watu wa juu kwa utaratibu, na wenye maduka labda wasingefunga hata mwezi. Ningetaka kukwambia vingine."

"Hapana. Umesema sawa," Martina alisema, akakata simu.

Ghorofa ya tatu ilibomolewa kuanzia mwezi wa saba, wakati ule upepo wa Singida unapovuma bila kupumzika. Ilivunjwa kwa nyundo na mkono, kipande kwa kipande, kwa amri ya mhandisi, ili isitikise zilizo chini. Martina alipanda gari la asubuhi kutoka Mgori siku moja akaenda kuangalia. Alisimama ng'ambo ya barabara, mtandio umefunika pua. Vumbi la saruji lilikuwa linapeperuka hadi kwenye vibanda vya sokoni. Alimwona Stanley amesimama chini ya ukuta, amevaa kofia ya plastiki aliyopewa na mafundi, anapokea kila kilichotolewa kizima: dirisha, mlango, sinki la jikoni. Alikuwa anavifuta kwa kitambaa na kuvipanga. Eliana aliandika kwenye daftari. Martina alitaka kuvuka. Alikaa pale hadi saa saba, akarudi Mgori bila kuvuka.

Habari nyingine alizipata kwa Evodia, alipokwenda kufuatilia faili. Shemeji za Jayshree kule Dar es Salaam walikuwa wamekataa kumfidia Stanley. Walisema aliyeuza amekufa. Jayshree hakubishana nao. Alimhamishia Stanley fleti yake mwenyewe, ya ghorofa ya kwanza, na hati yake ya kweli, na yeye akatia kitanda kwenye chumba cha nyuma ya duka, kile walichokuwa wakinywea chai. "Alikuja hapa kusaini uhamisho," Evodia alisema. "Hakulia wala nini. Aliuliza tu kama kalamu ni ya bluu au nyeusi."

Kibali kilitoka mwezi wa kumi: kuimarisha nguzo nne, kujenga upya balkoni sita. Kulikuwa na sahihi tisa kwenye muhtasari. Ya Stanley ilikuwepo, imeandikwa kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka kidogo. Martina alikipokea kibali kwa mikono miwili, akakiweka ndani ya bahasha, kwa kuwa hadi siku hiyo bado alikuwa mwenyekiti.

Alikuwa mwenyekiti kwa wiki mbili zaidi. Watu waliporudi, mkutano uliitishwa uani na wamiliki wenyewe. Hapakuwa na hotuba. Scola, mkunga wa ghorofa ya pili, aliuliza nani anataka uongozi mpya, na mikono saba ikanyanyuka. Jayshree hakunyanyua wake. Wala hakuunyanyua walipoulizwa wanaopinga. Mtu alimtaja Stanley, naye akasema hataki kuongoza jengo, anataka kulala. Wakamchagua Scola. Martina alimkabidhi mafaili yote, yamepangwa kwa tarehe, na kibali juu kabisa. Scola akasema asante. Viti vikaanza kukusanywa.

Kwenye ngazi alikutana na Stanley anapanda na gunia la vitunguu begani. Nafasi ilikuwa ndogo. Alisogea ukutani ampishe.

"Stanley," alisema. "Mchoro ule nilipaswa kukuletea wewe kwanza."

Stanley aliweka gunia chini. Alikuwa amekonda. "Ndiyo," alisema. "Ulipaswa." Alingoja kidogo, kama aliyetarajia kuna zaidi, au kama aliyekuwa na lake la kusema. Kisha akalinyanyua gunia tena, akapita. Salamu haikuwepo, na Martina alishangaa kwamba aliitamani hata ile ya kelele.

Siku ya pili alishuka dukani. Ilikuwa saa tano asubuhi, na mafundi nyuma walikuwa wanachanganya zege. Rafu zilikuwa zimerudishwa, pungufu, na mahali pa ile nguzo palikuwa pamezungushiwa mbao mpya. Jayshree alikuwa anapima kitambaa kwa mama mmoja aliyebeba mtoto. Martina alingoja zamu yake. Mama yule alipotoka, walibaki wawili, na meza ya kukatia katikati yao.

"Karibu," Jayshree alisema. "Nikusaidie nini, mama?"

Miaka mitano Jayshree alikuwa amemwita dada. Martina alikuwa na maneno aliyoyapanga tangu Mgori, na yote yalikuwa mazuri.

"Nataka kitambaa," alisema. "Cha pazia."

"Rangi gani?"

"Yoyote. Ya kijani."

"Mita ngapi?"

"Nne."

Jayshree aliteremsha jora la kijani, akalikunjua mezani kwa mkono mmoja kama alivyofanya siku zote, akapima, akasita kwenye mita ya nne, akaongeza kiganja kimoja kama wanavyoongezewa wateja wote. Mkasi ukapita kwenye kitambaa kwa mlio mrefu. Alikikunja, akakitia kwenye mfuko, akausogeza upande wa pili wa meza.

"Jayshree, mimi—"

"Kuna mtu nyuma yako, mama," Jayshree alisema kwa upole. "Karibu tena."

Martina aligeuka. Kweli kulikuwa na mzee amesimama mlangoni, kofia mkononi, anangoja kuhudumiwa. Akamwambia shikamoo, akachukua mfuko wake, akatoka.